Kuomba udaktari Uingereza: anzia kwenye ada na alama, maelezo binafsi yaje baadaye

Ikifika Septemba simu yangu hujaa maombi ya aina moja: "Mwalimu, kijana ameshaandika maelezo yake, tumechagua Oxford na vyuo vingine vitatu, tunaomba uyapitie." Nikiuliza amepata ngapi kwenye UCAT, mtihani wa kuingilia udaktari, kimya. Nikiuliza habari ya ada, naambiwa ufadhili unatafutwa. Maombi ya udaktari Uingereza yana mpangilio wake, na wengi wetu tunayaanzia mkiani. Hapa nayapanga kama ninavyofanya na wanafunzi wangu wa kidato cha sita na wa A-level, kuanzia mwaka mmoja na nusu hivi kabla ya safari.

Hatua ya 1: Kaeni kikao cha pesa

Kikao hiki ni cha familia nzima, na kifanyike kabla mtoto hajaanza kuota. Kwa mwanafunzi anayetoka nje ya Uingereza, ada ya udaktari katika vyuo vingi iko kati ya pauni 40,000 na 60,000 kwa mwaka, na Cambridge imeshapita 60,000. Kozi ni miaka 5, au 6 pale inapobeba shahada nyingine ya sayansi katikati. Chukua 45,000 uzidishe kwa 5: unapata pauni 225,000, na hapo hujalipia chumba, chakula wala nauli. Soma pia maandishi madogo, kwa sababu vyuo vingine hutoza zaidi miaka ya kliniki, ya kujifunzia hospitalini, na vingi huongeza ada kila mwaka.

Ufadhili? Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, ni ya shahada ya uzamili ya mwaka mmoja. Zile za Jumuiya ya Madola ni za uzamili na uzamivu. Kwa anayeanza shahada ya kwanza ya udaktari, ufadhili kamili ni nadra sana, na mtu anayekuhakikishia kuupata kwa kumlipa "ada ya usajili" mkimbie.

Jambo jingine huwashangaza wazazi: mtoto mwenye pasipoti ya Uingereza aliyekulia Dar au Mombasa kwa kawaida hahesabiwi mwenyeji kwenye ada. Kanuni hutazama pia aliishi wapi miaka 3 kabla ya kozi kuanza.

Kama hesabu imegoma, bora ijulikane leo. Kijana asome Muhimbili au Nairobi, kisha aende Uingereza kwa masomo ya juu, ambako ufadhili upo kweli.

Hatua ya 2: Uliza kama cheti chako kinapokelewa

Vyuo vya udaktari vinataja alama za A-level za Uingereza au za IB (International Baccalaureate). Kiwango cha kawaida ni AAA, na Kemia ni kama lazima, ikifuatwa na Biolojia. Oxford hutaka A*AA, Cambridge A*A*A.

Mwenye cheti cha kidato cha sita cha NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, asijidanganye kwamba PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) ni PCB popote. Aandikie ofisi ya udahili ya kila chuo barua pepe fupi: cheti changu ni hiki, masomo yangu ni haya, je, mnakipokea kwa kozi ya udaktari, na kwa alama zipi? Neno "udaktari" lisikosekane, maana chuo hicho hicho kinaweza kukipokea kwa uhandisi na kukikataa kwa udaktari. Jibu litunzwe. Mwenye KCSE, cheti cha sekondari cha Kenya, peke yake atahitaji kusoma A-level au IB kwanza. Na kabla ya kulipia mwaka wa msingi (foundation) kwenye taasisi binafsi, dai orodha ya vyuo vya udaktari vinavyoutambua, kisha uvithibitishe mwenyewe, kwa sababu vingi haviutambui.

Mazoea yetu ya kuomba baada ya matokeo kutoka si mabaya hata kidogo. Matokeo ya NECTA hutoka Julai, ya A-level za Cambridge Agosti, na maombi hufungwa Oktoba. Anayeomba akiwa na alama mkononi hategemei makadirio ya mwalimu.

Hatua ya 3: Fanya UCAT

Karibu vyuo vyote vya udaktari Uingereza hutumia mtihani huu. Ule mwingine uliokuwa ukitumiwa na Oxford na Cambridge, BMAT, ulifanyika mara ya mwisho 2023, kwa hiyo vitabu vyake mgawie mdogo wako achoree.

UCAT hufanyika kwenye kompyuta katika vituo vya Pearson VUE, kati ya Julai na Septemba, na mwombaji huufanya mara moja tu kwa mwaka. Alama ni za msimu huo pekee. Usajili hufunguka kati ya Mei na Juni. Weka nafasi mapema, maana siku za mwishoni hujaa. Tangu 2025 una sehemu 4: kuelewa maandishi, kufanya maamuzi, hesabu, na maamuzi ya kimaadili kazini. Zile tatu za kwanza hutoa jumla ya kati ya 900 na 2,700. Ya nne hupangwa kwa madaraja, la 1 likiwa bora, na vipo vyuo vinavyomwacha moja kwa moja aliyepata la 4. Ukikuta mwongozo mtandaoni unasema "lenga 2,800", huo ni wa zamani, wa wakati jumla ilipofika 3,600.

Mbio ziko kwenye dakika. Sehemu ya kuelewa maandishi ina maswali 44 kwa dakika 22, yaani nusu dakika kwa swali. Wanafunzi wetu wamefundishwa kusoma kifungu chote kwa utulivu, na hapo ndipo wanapozama. Soma swali kwanza, shika neno moja lisilo la kawaida, jina la mtu au mwaka, lipekue kwenye kifungu, soma sentensi iliyotangulia na inayofuata, jibu, songa. Usipoliona haraka, bahatisha, weka alama ya kurudi na uendelee; jibu la kosa halipunguzi alama. Fanya mazoezi yale ya bure kwenye tovuti ya UCAT wenyewe, ukitumia kikokotoo cha kwenye skrini, kwa sababu chako hakiingii chumbani. Wiki 6 hadi 8 za saa moja au mbili kwa siku huwatosha wengi.

Kabla hujabonyeza kulipia, fungua pasipoti. Jina unalojisajilia lifanane na la kwenye kitambulisho utakachoonyesha mlangoni. Hapa kwetu cheti cha shule kina majina matatu, pasipoti wakati mwingine ina mawili, na jina la babu limeandikwa kwa "h" huku na bila "h" kule. Rekebisha hayo miezi kadhaa kabla, sio asubuhi ya mtihani.

Hatua ya 4: Sasa ndiyo uchague vyuo

Alama za UCAT unazipata haraka, kwa kawaida ndani ya saa 24. Mfumo wa UCAS, ambao ndio mlango wa maombi yote, hukupa nafasi 5, lakini za udaktari zisizidi 4. Ya tano weka kozi nyingine, kama sayansi za tiba, au iache wazi.

Hapa nawabana sana wanafunzi wangu. Familia huchagua kwa jina, wakati vyuo huchuja kila kimoja kwa namna yake. Kuna kinachopanga waombaji wote kwa UCAT na kukata mstari. Kuna kinachopima sana matokeo ya kidato cha nne au IGCSE, na kuna kinachochanganya vyote. Mwenye UCAT ya kawaida na IGCSE zilizonyooka akiomba vyuo vinne vinavyopanga kwa UCAT, amejifungia mlango mwenyewe. Soma ukurasa wa udahili wa kila chuo, kisha linganisha alama zako na mgawanyo wa alama za waombaji wote, ambao UCAT huutangaza.

Kumbuka pia kwamba serikali huwekea vyuo ukomo wa nafasi za wanafunzi wa nje. Uliza zipo ngapi. Chuo chenye nafasi nyingi kidogo kinaweza kukufaa kuliko chenye jina kubwa. Na usihangaike na herufi za jina la shahada: MBBS, MBChB na BMBS zote zinakufikisha kwenye usajili ule ule.

Hatua ya 5: Maelezo binafsi na barua ya mwalimu

Kuanzia maombi ya kuingia 2026, insha moja ndefu imeondolewa. Sasa kuna maswali 3: kwa nini unataka kozi hii, masomo yako yamekuandaaje, na nje ya darasa umefanya nini cha kukuandaa. Yote matatu yasizidi herufi 4,000 pamoja na nafasi, na kila jibu lisipungue 350.

Jibu la swali la tatu ndilo hutenganisha watu. Wengi huandika: "Nilijitolea hospitali ya wilaya nikaona jinsi madaktari wanavyookoa maisha." Sentensi hiyo inaweza kuandikwa na mtu ambaye hajawahi kukanyaga wodi. Linganisha na hii: "Kwenye kliniki ya kisukari niliona mgonjwa akiitikia kila alichoambiwa. Muuguzi alipomwomba aonyeshe anavyojichoma insulini, ikaonekana hakuwa ameelewa. Tangu hapo nikimweleza mtu jambo namwomba anirudishie kwa maneno yake." Tukio ni dogo, lakini msomaji ameona jicho linalotazama. Vyuo havihesabu saa za hospitali. Kumuuguza bibi nyumbani kwa mwaka mzima kunahesabika, mradi useme kumekufundisha nini.

Barua ya mwalimu tunaiharibu kwa heshima nyingi. "Ni kijana mtiifu na mcha Mungu" haimsaidii mbele ya jopo. Fomu ya UCAS ya barua hiyo ina sehemu 3: habari za shule, mazingira yoyote yaliyoathiri masomo, na mengine ya kumsaidia mwombaji. Mwombe mwalimu aeleze darasa lina wanafunzi wangapi, maabara ina vifaa gani, na kijana yuko wapi akilinganishwa na wenzake.

Hatua ya 6: Tuma

Siku ya mwisho ni 15 Oktoba, saa 12 jioni ya Uingereza, ambayo kwetu ni saa 2 usiku. Ukiomba kupitia shule, anayetuma ni shule baada ya kuweka barua ya mwalimu, kwa hiyo kwako tarehe ya mwisho iwe Septemba. Ada ya UCAS haifiki pauni 30.

Hatua ya 7: Usaili

Wito huja kati ya Novemba na Machi. Vyuo vingi hutumia usaili wa vituo, maarufu kama MMI: unapita kituo hadi kituo, dakika chache kila kimoja, na kila msaili anakupa alama bila kujua mwenzake amekupa ngapi. Ukiboronga kimoja, kisahau unapoingia cha pili. Waombaji wa nje wengi hufanyiwa mtandaoni; jaza bando kwenye simu ya pili na uwe na chanzo cha umeme cha akiba.

Kuna swali linalowanasa Waafrika Mashariki hasa. Binti wa mgonjwa anakufuata kwenye korido: "Daktari, majibu yakiwa ni saratani tafadhali usimwambie mama." Kwetu hilo ni ombi la kawaida, ndugu ndio huambiwa kwanza, na mwanafunzi hujibu kwa moyo mwema kwamba ataheshimu familia. Amepoteza kituo. Katika maadili ya udaktari ya Uingereza, mwenye taarifa ni mgonjwa, maadamu ana uwezo wa kujiamulia. Lakini kumkatisha binti kwa kusoma sheria nako ni kukosa. Muulize anaogopa nini. Mweleze kwamba huwezi kuahidi kumficha mama yake, na kwamba huwezi kuzungumza naye habari za mama bila ridhaa ya mama. Kisha nenda kwa mama, umuulize angependa kujua kiasi gani na nani awepo. Akisema, "Mwambieni binti yangu, mimi sitaki," huo ni uamuzi wake. Nimeona vijana wakinyooka kabisa wakishaelewa kwamba heshima ya familia haitupwi, ila inapitia kwa mgonjwa.

Hatua ya 8: Ofa hadi ndege

Ofa nyingi huwa na masharti ya alama. Unashika moja kuwa chaguo la kwanza na nyingine ya akiba. Ukitimiza masharti, chuo hukupa namba ya CAS ya kuombea viza. Andaa taarifa ya benki inayoonyesha pesa zimekaa siku 28 mfululizo, cheti cha kupimwa kifua kikuu kutoka kliniki inayotambuliwa na serikali ya Uingereza (hudumu miezi 6), na ada ya huduma za afya, pauni 776 kwa kila mwaka wa viza, ambayo hulipwa yote kwa mkupuo. Chuo kitadai pia cheti cha tabia njema kutoka polisi na kumbukumbu za chanjo, hasa homa ya ini B na surua. Kadi ya kliniki ya utotoni ikiwa imepotea, chanjo za homa ya ini B hutolewa kwa dozi kadhaa zilizoachana kwa miezi, basi anza Januari.

Anayefikiria kurudi kufanya kazi nyumbani aangalie mapema masharti ya kuutambua ujuzi wa nje: Tanzania ni TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) na Baraza la Madaktari Tanganyika, Kenya ni KMPDC, baraza la madaktari la huko.