Kabla ya Kupanga Meza Sokoni, Kagua Maji Yako

Mkulima anayeuza mazao yake mwenyewe kwenye soko la wakulima ukimuuliza usafi ni nini, atakutajia kufagia, aproni iliyofuliwa na kitambaa cheupe mezani. Hayo ni mazuri, na mteja huyaona. Kinachomuumiza mteja ni kile asichokiona, na mara nyingi kimo ndani ya ndoo iliyo chini ya meza: maji ambayo muuzaji anachovya mkono kila baada ya muda na kuyanyunyizia mboga zisinyauke. Asubuhi yalikuwa safi. Kufikia mchana yamepitiwa na mikono iliyoshika pesa, kitambaa kilichofuta meza na vumbi la wapita njia, kisha yote hayo yanarushwa juu ya majani ambayo mtu atakwenda kuyala bila kuyapika.

Ndiyo maana mashauri haya yanaanza na maji, na sehemu kubwa yatabaki hapo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2015 kwamba watu milioni 600 huugua kila mwaka kwa sababu ya chakula kilichochafuliwa, na 420,000 kati yao hufariki, karibu theluthi yao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano. Chanzo si maji peke yake. Ila katika mazao yanayoliwa mabichi, maji ndiyo yanayouchukua uchafu wa tunda moja na kuusambaza kwa kreti nzima.

Mfano mmoja unatosha. Mwaka 2008 huko Alaska karibu watu 100 waliugua kuhara kulikoletwa na bakteria aitwaye Campylobacter baada ya kula njegere mbichi. Korongo walikuwa wametua shambani na kuacha kinyesi chao. Hilo pekee huenda lingewagusa walaji wachache, lakini njegere zilipita kwenye maji ya kusafishia ambayo hayakuwa na klorini ya kutosha iliyobaki ndani yake. Kuosha, ambako kila mtu anakuamini, ndiko kulikoshindwa kufanya kazi yake.

Basi shika hili: kuosha hakurudishi usafi uliokwisha kupotea. Bakteria hujishikiza kwenye mikunjo ya majani, kwenye vinyweleo vya ngozi ya tunda na mahali palipochubuka, na maji hupunguza tu idadi yao. Maji yenye dawa hufanya kazi kubwa zaidi kwa kuzuia uchafu wa tunda la kwanza usihamie kwa la mia. Kwa hiyo maji ya mwisho kugusa zao baada ya kuvunwa, yawe ya kuoshea, ya kunyunyizia au ya kutengenezea barafu, lazima yawe maji ambayo wewe mwenyewe ungekunywa. Maji ya mto, ya bwawa au ya kisima kilicho wazi hayafai kwa hatua hiyo hata yakiwa maangavu. Yapeleke yakapimwe, kipimo cha kawaida hutafuta E. coli, bakteria wa utumboni anayeonyesha kwamba kinyesi kimeingia majini, na katika maji ya kunywa asionekane hata mmoja katika mililita 100.

Ukitumia klorini kwenye beseni la kuoshea, wataalamu wengi hupendekeza miligramu 50 hadi 200 kwa lita, kwa dawa ambayo lebo yake inaruhusu kutumika kwenye chakula, na mazao yasuuzwe kwa maji safi baadaye. Wengi hukosea hapa: wanapima dawa asubuhi na kuisahau. Udongo na mabaki ya majani huila klorini, kwa hiyo maji yakigeuka rangi, dawa imekwisha hata kama harufu bado ipo. Suuza tope kwanza kwenye maji ya kupita, ndipo uingize zao kwenye beseni la dawa, na ubadilishe maji mara yanapochafuka. Usichanganye kamwe klorini na siki au dawa yenye amonia. Mvuke wake ni sumu.

Kuna jambo la joto la maji ambalo wakulima wengi hawajaambiwa. Nyanya iliyotoka kuvunwa juani ina joto ndani. Ukiitumbukiza kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani yake hunywea na kuyavuta maji kupitia kovu la kikonyo, pamoja na chochote kilichomo. Baada ya hapo hakuna kuosha kutakakofika huko. Acha nyanya zipoe kivulini kwanza, au tumia maji yenye joto la nyuzi 5 hivi zaidi ya nyanya zenyewe. Matikiti na maembe nayo yana tabia hiyo hiyo.

Mayai yanafuata mantiki hiyo. Ganda lina vitundu vidogo na utando mwembamba wa asili unaovifunika. Ulaya, mayai ya daraja la kwanza hayaruhusiwi kuoshwa ili utando huo ubaki. Marekani huoshwa kiwandani kisha yanatunzwa kwenye ubaridi hadi kwa mlaji. Njia zote mbili zinafanya kazi. Isiyofanya kazi ni ile ya katikati, yaani kuyaloweka mayai kwenye beseni la maji baridi, kuyafuta kwa kitambaa kilekile na kuyapanga juani. Yai lenye uchafu kidogo lifute likiwa kavu. Kama sheria ya kwenu inataka lioshwe, maji yawe ya moto kuliko yai na yasiwe ya kuloweka. Lenye ufa lisifike sokoni.

Sasa rudi kwenye ile ndoo ya kunyunyizia. Itupe. Weka maji ya kunywa kwenye chupa ya kupulizia iliyooshwa asubuhi, yenye kifuniko, isiyoingizwa mkono. Afadhali zaidi ni kupunguza haja yenyewe: vuna alfajiri, poza mboga kabla ya safari, funika meza kwa turubai linaloleta kivuli, na toa mezani kiasi kidogo huku nyingine zikingoja mahali penye ubaridi. Mboga iliyopozwa vizuri haidai maji kila nusu saa. Wanaosema mboga isiyometameta haiuziki hawajajaribu kuipoza.

Maji yanayotuama nayo ni adui. Mwaka 2011 matikiti ya aina ya kantalupu kutoka shamba moja la Colorado, Marekani, yalibeba bakteria wa Listeria na kuua watu 33. Wakaguzi walikuta maji yametuama kwenye sakafu ya banda la kufungashia, mitambo isiyosafishika kwa urahisi, na matikiti yaliyoingizwa kwenye chumba cha baridi bila kupozwa kwanza. Listeria ana ubaya wake wa pekee, kwani huendelea kukua hata ndani ya jokofu. Wewe huenda huna mtambo, lakini una kreti zenye nyufa, meza ya mbao iliyolowa na sanduku la barafu ambalo halijakauka tangu soko lililopita. Vyombo vioshwe kwa sabuni, visuuzwe, vipitishiwe dawa, kisha viachwe vikauke vyenyewe kwa hewa. Klorini ya dukani yenye nguvu ya asilimia 5 ukitia mililita 4 katika lita moja ya maji utapata takriban miligramu 200 kwa lita, nayo inatosha kwa meza na vyombo. Soma lebo, kwa sababu nguvu hutofautiana. Na dawa ikimwagwa juu ya uchafu ni dawa iliyopotea, kwa hiyo sabuni hutangulia daima.

Barafu ni chakula, hata kama hakuna anayeila. Iliyotengenezwa kwa maji yasiyofaa kunywewa itayeyuka juu ya bidhaa zako. Nyama, kuku na samaki wawe na sanduku lao, na maji yanayotoka humo yaelekezwe kwenye chombo, yasitiririke kuelekea kwenye mboga za jirani. Magomvi mengi ya sokoni yangeisha kwa jambo hili moja.

Kwa vyakula vinavyoharibika upesi, yaani nyama, maziwa, jibini laini na vilivyopikwa, kumbuka namba mbili: 5 na 60. Kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za selsiasi bakteria huzaana haraka. Cha baridi kikae chini ya 5, cha moto kikae juu ya 60, na kilichopikwa kisikae katikati zaidi ya saa mbili. Mkono si kipimajoto. Nunua kipimajoto chenye ncha, kichovye mara kwa mara kwenye barafu iliyosagwa iliyochanganywa na maji. Kisiposoma sifuri, kirekebishe au kitupe. Maziwa yauzwe yakiwa yamepashwa joto kwa kanuni, nyuzi 63 kwa dakika 30 au nyuzi 72 kwa sekunde 15, kisha yapozwe mara moja. Zipo nchi zinazoruhusu maziwa mabichi kwa masharti. Mimi nisingemshauri mtu kuyauza kwa ajili ya watoto, wajawazito au wazee.

Tunda zima na tunda lililokatwa ni bidhaa mbili tofauti. Ganda ndilo ulinzi wake. Kisu kikipita kwenye ganda chafu huingiza uchafu ndani, penye maji na sukari, na kuanzia hapo tikiti linahitaji ubaridi sawa na maziwa. Ukitaka wateja waonje, sugua tikiti kwa brashi chini ya maji yanayotiririka kabla ya kulikata, tumia kisu na ubao visivyogusa kitu kingine, funika vipande, na kila mteja achukue kwa kijiti chake. Kama huna maji ya kutosha kuosha kisu, usionjeshe siku hiyo.

Vilivyosindikwa nyumbani vinataka tahadhari ya aina yake. Jamu na achari zenye asidi ya kutosha, yaani zenye pH (kipimo cha ukali wa asidi) isiyozidi 4.6, haziwapi nafasi mbegu za bakteria wa botulizimu, sumu ya chakula inayopoozesha mwili na inayoweza kuua. Mboga, maharage au nyama zilizofungwa kwenye chupa bila asidi ni jambo jingine kabisa: mbegu hizo hustahimili maji yanayochemka na huhitaji joto la mvuke wa shinikizo, karibu nyuzi 116 hadi 121. Vitunguu saumu vilivyozamishwa kwenye mafuta na kuachwa mezani ni hatari ileile. Bila mafunzo na vifaa, viache. Asali haina shida hiyo kwa watu wazima, lakini mwambie kila mnunuzi kwamba mtoto asiyefikisha mwaka mmoja asilambishwe.

Mikono sasa. Kabla ya kutandaza kitambaa, kabla ya kupanga hata fungu moja, simamisha kituo cha kunawia: ndoo ya maji yenye koki inayobaki wazi yenyewe ili mikono yote miwili iwe huru, sabuni, taulo za karatasi na beseni la kupokea maji machafu. Kibuyu chirizi kinafanya kazi hiyohiyo palipo na uhaba. Nawa kwa sekunde 20 ukifika, ukitoka chooni, ukishika nyama mbichi, ukipokea pesa kabla ya kugusa chakula kisichofungwa. Vitakasa mikono vya alkoholi havifui tope wala mafuta, na kwa norovairasi, kirusi kinacholeta kutapika na kuhara, havitegemewi. Glovu nazo zimewadanganya wengi, kwani glovu iliyopokea noti ni chafu sawasawa na mkono. Wauzaji wawili wakigawana kazi, mmoja wa pesa na mmoja wa chakula, tatizo limepungua nusu bila kununua kitu.

Mwenye kuhara au kutapika abaki nyumbani hadi saa 48 zipite tangu dalili zikome. Ni agizo gumu kwa mtu anayetegemea soko la wiki moja, na ndiyo sababu familia inapaswa kuamua mapema nani atashika nafasi. Kidonda mkononi kifungwe kwa plasta isiyopitisha maji na kufunikwa glovu. Bakteria wa Staphylococcus walio kwenye kidonda hutoa sumu ambayo kupika hakuiondoi.

Shambani sitakaa sana, ila usafi wa sokoni hauwezi kufidia uzembe wa huko. Mwaka 2011 stroberi za shamba moja la Oregon, zilizouzwa kando ya barabara na kwenye masoko ya wakulima, ziliwaambukiza watu E. coli O157:H7, aina kali ya bakteria huyo, iliyotoka kwenye kinyesi cha kulungu. Palipo na kinyesi usivune, wala lile eneo la kukizunguka. Samadi mbichi, kwa kanuni za kilimo hai za Marekani ambazo nchi nyingine pia huzitazama, ichanganywe na udongo siku 120 kabla ya kuvuna zao linalogusa udongo na siku 90 kwa lisilogusa. Siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo ya dawa ya wadudu ziheshimiwe hata bei ya sokoni ikipanda ghafla. Gari lililobeba mifugo au viuatilifu lisibebe mazao kabla ya kuoshwa na kukauka.

Masharti ya leseni, lebo na ukaguzi hutofautiana kati ya nchi na nchi, hata kati ya soko na soko. Mengi yamejengwa juu ya kanuni za usafi wa chakula za Codex, tume iliyoanzishwa na FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa) na Shirika la Afya Duniani mwaka 1963, kwa hiyo anayefuata haya hatashangazwa sana na fomu ya ukaguzi. Nenda kwa bwana afya kabla hajaja kwako. Uliza hasa kuhusu vyakula vilivyosindikwa na vya kuonjesha, kwa kuwa hapo ndipo vibali huzidi.

Weka daftari. Siku ya kuvuna, kipande cha shamba, dawa iliyopigwa na tarehe yake, maji yaliyotumika, soko ulikopeleka, na kama umeuza kwa jumla, nani alichukua. Bandika tarehe kwenye kreti. Siku mteja akija kulalamika kwamba nyumbani kwake wameumwa, usibishane naye mbele ya meza. Andika alichonunua na siku aliyonunua, ondoa mezani kilichobaki cha mavuno hayo bila kukitupa, kitenge mahali penye ubaridi kwa ajili ya uchunguzi, na mjulishe msimamizi wa soko na bwana afya siku hiyohiyo. Aliye na daftari ataondoa mavuno ya kipande kimoja na kuendelea kuuza mengine; asiye nalo itabidi aondoe yote.