Somo: Kukokotoa kuvunjika kwa bosoni ya Higgs kuwa J/ψ na fotoni

Somo hili ni la wale waliokwisha kuzoea michoro ya Feynman (michoro ya kukokotoa jinsi chembe zinavyogongana na kuvunjika), wawe vyuo vya Makerere, Mbarara au kwingineko. J/ψ ni chembe iliyoundwa na kwarki ya chamu na antikwarki yake. Nadharia inatabiri kwamba katika bosoni za Higgs milioni 1, takriban 3 tu huvunjika kuwa J/ψ na fotoni.

Hatua ya 1. Tenganisha viwango vya nishati. Higgs ina masi ya 125 GeV (GeV ni kizio cha nishati) na kwarki ya chamu ina takriban 1.5 GeV, ilhali ndani ya J/ψ kwarki hizo huenda polepole kiasi cha kuturuhusu kupanga hesabu kwa vipeo vya v², yaani mraba wa kasi ya kwarki hizo, ambao ni karibu 0.3 ya mraba wa kasi ya mwanga.

Hatua ya 2. Thamani ya fankshoni ya wimbi kwenye kitovu (inayoonyesha uwezekano wa kwarki hizo mbili kukutana) itoe kwenye kipimo, yaani upana (kiwango cha kuvunjika) wa J/ψ kuvunjika kuwa elektroni na positroni, ambao ni takriban 5.5 keV. Usisahau kizidisho 1 − 16αs/3π, ambapo αs ni nguvu ya kani kali inayofunga kwarki: αs ikiwa 0.25, kinabaki 0.58, na anayekipuuza ataharibu kila kinachofuata.

Hatua ya 3. Jumlisha amplitudo mbili (namba ambazo mraba wa jumla yake hutoa uwezekano wa kuvunjika) kabla ya kukokotoa mraba. Katika ya kwanza, Higgs huzaa jozi ya chamu ambayo hutoa fotoni. Katika ya pili, iliyo kubwa zaidi, Higgs hutoa fotoni mbili na moja hugeuka J/ψ. Alama za amplitudo hizo, chanya na hasi, zinapingana.

Hatua ya 4. Logi asilia ya 125²/1.5², ambayo hujirudia katika kila ngazi ya hesabu (kila kipeo cha αs), ni karibu 8.8, hivyo zijumlishe logi hizo katika ngazi zote.

Maswali ya wanachama

*Gulu:* Mwalimu, kwa nini tusibaki na amplitudo kubwa pekee?

Kwa sababu ile ndogo ndiyo inayobeba nguvu ya Higgs kushikamana na chamu, pamoja na alama yake, na bila hiyo kipimo hiki hakina mvuto mkubwa.

*Mbale:* Kompyuta ya kawaida inatosha?

Kwa ngazi ya kwanza, ndugu, hata karatasi inatosha.

*Kampala:* Je, Υ (chembe kama J/ψ, ila ya kwarki ya botomu) nayo hukokotolewa vivyo hivyo?

Ndiyo, ila kwake amplitudo mbili karibu zifutane. Chukua mfano wa 10 kutoa 9.8: ukikosea 10 kwa asilimia 1 tu, tofauti hupanda kutoka 0.2 hadi 0.3, na mraba wake huzidi maradufu.