SOMO: Mzigo uliotuma kwa basi umefika umevunjika, hela yako unaidaije?

Wadau habari za leo. Nimeona niliandike hili maana watu wengi wanaishia kugombana na konda stendi afu wanarudi nyumbani mikono mitupu.

Mi mwaka jana nilinunua ovaloki (cherehani ya kufungia kingo za nguo) Kariakoo nikaituma kwa basi kuja Songea. Asubuhi naenda kuchukua nakuta boksi limelowa maji ya dagaa, na palepale nilipoandika kwa maka peni SHUSHA TARATIBU pana alama ya kiatu, soli nzima inasomeka. Dada wa kaunta ananisogezea daftari, "saini hapo kaka, wenzio wanasubiri." Sikusaini.

1. Fungua mzigo kabla ya kusaini, hapohapo kaunta, wakinuna wanune. Wakikataa, saini ila andika pembeni "boksi limelowa, limebonyea" afu lipige picha hilo daftari. Ukisaini kavukavu umeshakubali kwamba umepokea kitu kizima, kuja kubisha baadaye ni kazi. Mi nilichukua video moja bila kukata, kuanzia namba ya risiti iliyobandikwa kwenye boksi mpaka gurudumu lililokatika.

2. Usitupe kitu. Risiti ya mzigo, risiti ya dukani, meseji, hata boksi lenyewe (langu wife alishataka kuliwashia mkaa).

3. Fundi aandike kwenye karatasi nini kimekufa, spea bei gani, ufundi bei gani.

4. Peleka barua, nakala mbili, moja wakugongee muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Kupiga simu kila siku ni kujichosha, utaambiwa bosi kasafiri mpaka uchoke. Mi nilidai matengenezo 180,000, hela niliyolipa kuusafirisha mzigo 15,000, na kukodi ovaloki ya jirani siku 14 kwa 5,000 ambayo ni 70,000, jumla 265,000, nikawapa siku 14. Kama mashine inatengenezeka usidai mpya, wakishakuona una tamaa hata kile cha haki wanakitilia mashaka.

5. Wakikausha, hapa ndo wengi wanapotea njia, wanakimbilia LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini). LATRA wanasimamia usafiri wenyewe, nauli, ratiba, mambo ya abiria. Kifurushi ulichokikabidhi kisafirishwe peke yake kinahesabika huduma ya vifurushi na vipeto, na leseni yake inatoka TCRA, haohao wa laini za simu. Wana ofisi za kanda, sisi wa kusini huku wengi tunaangalia Mbeya. Nenda na ile nakala yenye muhuri, kitu cha kwanza utaulizwa kama ulianza kulalamika kwa kampuni yenyewe. Uamuzi wao usipokuridhisha kuna rufaa Baraza la Ushindani.

Mi sikufika huko. Siku ya 11 nilimtumia meneja WhatsApp picha ya malalamiko niliyokwisha kuyaandika kwenda TCRA, akapiga mwenyewe kabla ya saa sita, tukamalizana 230,000. Hiyo 35,000 niliiacha, kuifuata ningekula nauli zaidi yake.

MASWALI YA WADAU

Swali: Nyuma ya risiti wameandika kampuni haitahusika na upotevu wala uharibifu. Si nimeshakwama?
Jibu: Bado dai mkuu. Hayo maneno uliyaona kabla hujalipa au uliyakuta baadaye? Na kukanyaga mzigo wa mtu ni uzembe, waulize kama kuna aliyesaini kukubali uzembe. Ni kitu cha kubishania.

Swali: Mi nilikosa na oda ya sare za kwaya, faida yake 400,000. Niiweke?
Jibu: Ngumu. Sheria ya Mikataba kifungu cha 73 inalipa hasara inayotokana moja kwa moja na kosa, au ile ambayo pande zote mlijua inaweza kutokea wakati mnaingia mkataba. Sasa wao kwaya wangeijulia wapi? Ndo maana siku hizi natamka kabisa pale kaunta, "ovaloki, 850,000, ya kazi ya Jumatatu," na naandikisha.

Swali: Niliandikisha thamani 50,000 ili nilipie kidogo, mzigo wa 600,000 umepotea.
Jibu: Dah, hapo umejifunga mwenyewe ndugu yangu. Jaribu na risiti ya dukani, ila watakushika kwenye ile 50,000 na mimi ningekuwa wao ningefanya hivyohivyo.

Swali: Aliyetuma ni shangazi yuko Dar, mi mpokeaji tu.
Jibu: Aliyelipa ndo mwenye mkataba. Aandike barua ya kukuruhusu umdaie, na ile risiti ya mzigo akutumie yenyewe, picha peke yake watakuzungusha.