Gari ya tabo haivuti? Safisha solenoidi ya busti kwanza

Kama Forester ama Impreza yako imekuwa nzito ukipanda Mazeras, ama inavuta vizuri alafu ghafla inakata kama imeshikwa shati, usikimbilie tabo ya mtumba. Anza na solenoidi ya busti (busti ni ile presha ya hewa tabo inayosukuma ndani ya injini), kile kidude cha plastiki chenye mipira miwili ama mitatu na plagi ya umeme. Hiki ndo kinaamua presha ngapi ifike kwa wastegeti (kile kimlango kinachopitisha moshi pembeni ya tabo ili busti isizidi), kompyuta inakifungua na kukifunga haraka haraka, sasa kikijaa uchafu wa ule mvuke wa oili kinakwama na busti inashuka ama inapanda kupita kiasi. Skana ikisoma kodi ya P0243 hadi P0246, angalia hapo.

Zima gari, iache ipoe sawasawa, toa negativu ya betri. Kuipata solenoidi fuata mpira mwembamba unaotoka kwa wastegeti. Piga picha na simu kabla hujachomoa kitu na kila mpira uutie tepu ya rangi yake, maana ukirudisha visivyo busti inaweza kupanda ovyo na hapo injini ndo italipa. Mpira ukigandia uzungushe kwanza, usivute. Alafu kwa Subaru nyingi kuna kijichuma kidogo chenye tundu jembamba ndani ya mpira mmoja, hicho si takataka jamani! Kikipotea busti haikai sawa tena na utahangaika bure.

Mafundi wengi hutumia kabureta klina, mimi napendelea kontakti klina (dawa ya kupulizia ya kusafisha vifaa vya umeme) kwa sababu ile nyingine hula raba za ndani. Pulizia kwa kila mdomo wa solenoidi, tikisa, mwaga, rudia mpaka itoke safi. Usipeleke kwa kompresa ya watu wa pancha, presha ile ni kubwa mno.

Ikishakauka kabisa (cheche na dawa mbichi ni moto huo) chukua nyaya mbili, gusisha volti 12 na uachie, gusisha na uachie, inafaa ilie tik tik. Usishikilie, koili itaungua. Puliza kwa mdomo kupitia mpira safi, hewa ipite tofauti ukiwa na umeme na ukiwa huna. Isipolia, pima na mita, ikionyesha waya umekatika ndani nunua nyingine tu.

Sisi wa huku pwani tusisahau plagi. Chumvi ya bahari inafanya pini ziote kijani, na unaweza kuosha solenoidi mpaka ing'ae na gari ibaki vile vile. Sugua pini kwa mswaki mkavu na kontakti klina, paka grisi ya umeme kidogo, rudisha.

Ukienda kujaribu tafuta barabara tupu, kanyaga polepole macho kwa geji ya busti, busti ikipita kipimo cha gari yako toa mguu hapo hapo, urudi ukague mipira na ile picha yako.