Somo: Maneno yaleyale, maana mbili. Jinsi shoti, sauti na mkato vinavyosema kwenye tamthilia

Tamthilia nyingi zinazopigwa huku Kigoma zina waigizaji wazuri na hadithi zinazoeleweka, lakini mhusika analazimishwa kueleza kila kitu kwa mdomo: "Nina huzuni sana," "Huyu mtu simwamini." Hapo kamera na sauti zimekaa bure. Somo hili linachukua onyesho moja la mistari sita, halibadilishi hata neno, kisha linalipiga na kulikata kwa namna mbili. Toleo la kwanza ni msiba. La pili ni hila.

Vifaa ni simu inayoruhusu mipangilio ya mkono au kamera ndogo, stendi, maiki moja ya kuelekeza, na programu ya kuhariri yenye njia nne za sauti au zaidi.

Onyesho lenyewe: ni alfajiri, nyumbani kwa mvuvi wa dagaa, Kibirizi, kando ya Ziwa Tanganyika. Asha amekaa kwenye mkeka. Mdogo wa mumewe anaingia na karabai iliyozimika, kioo kimepasuka.

ASHA: Karibu, shemeji. Wenzenu wote wamerudi?
SHEMEJI: Wamerudi, shemeji.
ASHA: Na kaka yako?
SHEMEJI: Ziwa lilichafuka usiku.
ASHA: Hii taa ni yake.
SHEMEJI: Ndiyo. Ni yake.

Hatua ya 1: Amua mtazamaji anajua nini, na lini

Andika sentensi moja kwa kila toleo kabla hujagusa kamera. Msiba: mtazamaji anajua pale pale Asha anapojua. Hila: mtazamaji anaanza kumshuku shemeji huku Asha bado hajashtuka. Maamuzi yote yanayofuata yanatoka kwenye sentensi hiyo. Ukiikosa utapiga shoti kwa sababu zinapendeza, na siku ya kuhariri utakuwa na picha nzuri zisizosema kitu.

Hatua ya 2: Mipangilio, mwanga na ukweli wa mahali

Weka fremu (picha moja moja zinazounda video) 25 kwa sekunde na shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, iwe sekunde 1/50. Umeme wetu ni hezi 50, kwa hiyo taa nyingi za bei nafuu zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Simu ikiachwa kwenye fremu 30 na shata yake yenyewe, mistari hafifu huanza kutembea ukutani. Funga fokasi, mwanga na rangi. Ukiviacha vijirekebishe vyenyewe, Asha akiinua uso chumba kizima kitang'aa ghafla, na mtazamaji atatafuta maana mahali ambapo haipo.

Sasa alfajiri. Ziwa Tanganyika liko magharibi yetu. Jua linachomoza upande wa milima na kuzama ziwani. Wapo wanaopiga machweo juu ya maji na kuyaita mapambazuko; mtu wa Dar anaweza asigundue, mtu wa Ujiji anacheka. Kumbuka pia kwamba tuko ukingo wa magharibi wa nchi: jua linachomoza karibu na saa 1 asubuhi na linafika utosini karibu na saa 7 mchana, si saa 6. Ratiba iliyoandikwa kwa saa za Pwani itakuharibia mwanga.

Na mwezi usionekane. Uvuvi wa dagaa kwa taa ni wa usiku wa giza; mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wanapumzika, kwa sababu taa haivuti samaki ipasavyo. Ukionyesha mwezi mpevu kabla ya onyesho hili, umeshavunja hadithi nzima kwa watu wanaoijua kazi hiyo.

Hatua ya 3: Shoti

Piga onyesho zima, mwanzo hadi mwisho, katika kila shoti. Usipige mstari wa mtu na kuzima. Sura ya anayesikiliza ndiyo dhahabu ya mhariri, na utaipata tu kama kamera ilikuwa inamtazama wakati mwenzake anaongea. Acha sekunde 5 kabla ya kusema "anza" na sekunde 5 baada ya mstari wa mwisho.

Unahitaji shoti saba: chumba kizima na mlango, Asha kuanzia kiunoni, shemeji kuanzia kiunoni, uso wa Asha, uso wa shemeji, karabai peke yake, na mikono ya shemeji.

Kimo cha lenzi kina uzito kuliko watu wanavyodhani. Asha akiwa mkekani, macho yake yako kama sentimita 75 kutoka sakafuni. Katika msiba, lenzi ikae hapo, na shemeji achuchumae kabla ya mstari wake wa pili ili macho yao yalingane: watu wawili mbele ya jambo moja. Katika hila shemeji abaki amesimama mlangoni, mwanga ukiwa nyuma yake, kamera ikimtazama kutoka kimo kilekile cha Asha. Uso wake unakuwa nusu giza na yeye anaijaza fremu. Hakuna aliyesema ni mtu wa kuogopwa.

Usimsogelee mtu kwa lenzi pana ya simu. Kwa sentimita 40 pua inavimba na masikio yanarudi nyuma. Huzuni inageuka kichekesho. Kaa mita moja na nusu au zaidi, utumie lenzi ya kawaida au ya kuvuta.

Uso wa karibu sana usiutumie mapema. Ukianza nao mstari wa kwanza, utakapofika "Hii taa ni yake" hutakuwa na mahali pa kusogea.

Hatua ya 4: Sauti ya eneo

Mtazamaji anavumilia picha yenye ukungu kuliko sauti mbaya. Maiki iwe juu ya kichwa, nje ya fremu, sentimita 50 hadi 60 kutoka mdomoni, ielekee kifuani. Kwenye kipimo cha sauti cha kifaa chako, vilele vya sauti vicheze karibu na desibeli -12, visivuke -6. Rekodi kwa kilohezi 48.

Zima friji, na ufunguo wa pikipiki uuweke ndani yake, ili asiwepo wa kuondoka bila kukumbuka kuiwasha tena. Mwombe jirani apunguze redio. Mabati nayo yanalia: jua likianza kuyapiga asubuhi yanatanuka na kutoa vishindo vidogo, basi maliza mistari ya ndani mapema. Wakati wa mvua usihangaike, subiri ikatike.

Ukimaliza, watu wote wanyamaze palepale walipo na urekodi sekunde 60 za chumba kitupu. Ukimya wa chumba cha mabati si sawa na wa chumba chenye dari, na bila kipande hicho kila mkato utasikika kama shimo.

Kisha rekodi peke yake, maiki ikiwa karibu: ndala kwenye mchanga, mshikio wa karabai unavyolia, tone la maji kwenye sakafu ya saruji, injini za mitumbwi zikiingia ufukweni moja moja, na noti zikihesabiwa.

Hatua ya 5: Kukata

Hapa ndipo maana inapopatikana. Lev Kuleshov, mwongozaji wa Urusi, alilionyesha jambo hili mwanzoni mwa karne ya 20: uso uleule wa mwigizaji, ukiwekwa karibu na bakuli la supu watu wanaona njaa, ukiwekwa karibu na jeneza wanaona huzuni. Uso haukubadilika.

Chukua mstari wa nne, "Ziwa lilichafuka usiku." Katika msiba, maneno hayo yasikike huku picha ni uso wa Asha. Mtazamaji anamwona akielewa. Katika hila, maneno yaleyale yasikike juu ya mikono ya shemeji inayofutafuta kioo kilichopasuka. Sasa sentensi inasikika kama kitu alichokipanga njiani.

Halafu muda. "Na kaka yako?" Katika msiba, acha sekunde 3 kamili, yaani fremu 75, kabla ya jibu. Mtu anatafuta namna ya kusema lisilosemeka. Katika hila, jibu lije ndani ya fremu 6, au liguse hata mwisho wa swali. Anayejibu haraka namna hiyo alikuwa na jibu tayari. Mkato huu mmoja una nguvu kuliko ukurasa mzima wa maneno ya kumtuhumu.

Usikate kila mtu anapofungua mdomo. Mtindo wa kurushiana picha, wewe, mimi, wewe, mimi, ndio unaofanya tamthilia ionekane kama mjadala wa studio. Sauti ya shemeji ianze fremu 8 hadi 12 kabla ya picha yake, au ya Asha ibaki baada ya picha yake kuondoka.

Hatua ya 6: Kupanga sauti

Njia ya kwanza mazungumzo, ya pili chumba kitupu mwanzo hadi mwisho, ya tatu sauti za nje, ya nne vitu vya mkononi. Sauti za nje zikae desibeli 15 hadi 20 chini ya mazungumzo.

Msiba: injini za mitumbwi zinasikika mbali tangu mwanzo, tatu, mbili, moja. Ya mwisho izime baada ya "Na kaka yako?" Ndani ya zile sekunde tatu kuna mawimbi tu. Mtazamaji ameshahesabu bila kuambiwa.

Hila: ondoa injini. Weka tone la maji kutoka kwenye karabai, moja kila sekunde mbili hivi, na baada ya "Ndiyo. Ni yake" uache uso wa Asha kwenye skrini huku sauti ya noti zikihesabiwa inaingia, sekunde moja na nusu. Ndipo ukate kwenda soko la Mwanga, Kigoma mjini, shemeji anahesabu pesa. Zile noti zilizosikika juu ya uso wa Asha ndizo zinazomshtaki.

Muziki usiuweke kwenye onyesho hili. Kinanda cha huzuni kinachoanza kabla mtu hajajua kuna msiba kinamnyang'anya mtazamaji nafasi ya kuhisi mwenyewe. Kama lazima, uanze onyesho linalofuata.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Ujiji): Nikipiga ufukweni upepo unaunguruma kwenye maiki. Sponji niliyonayo haisaidii.

Jibu: Sponji ni ya ndani. Nje tafuta kofia ya manyoya ya maiki, na mrekodi sauti asimame akiupa upepo mgongo, maiki ikikingwa na mwili wake. Kwenye kuhariri kata masafa yaliyo chini ya hezi 80 hadi 100. Kama bado ni mbaya, msipoteze muda: mkimaliza shoti, waigizaji waende nyuma ya ukuta waseme mistari tena karibu na maiki, mara tatu kwa mwendo uleule, wakiwa bado na pumzi ya onyesho. Kurudia wiki ijayo chumbani hakutafanana.

Swali (Kasulu): Nikiunganisha nyuso mbili, waigizaji wanaonekana wote wanatazama upande mmoja, kana kwamba hawaongei pamoja.

Jibu: Umevuka mstari. Chora mstari wa kufikirika kutoka kwa mmoja hadi kwa mwenzake, na kamera zako zote zikae upande mmoja wake. Asha akitazama kulia mwa fremu, shemeji atazame kushoto, siku zote. Kama umeshapiga, kuigeuza picha kushoto kuwa kulia, kama kwenye kioo, kunawezekana ikiwa hakuna maandishi wala kifungo cha shati cha kukuumbua. La sivyo, tia shoti ya karabai katikati. Mtazamaji akitazama kitu kisicho na upande, anasahau kidogo nani alikuwa wapi.

Swali (Mwandiga): Nimerekodi sauti kwa kifaa kingine. Mwanzo midomo inalingana, dakika ya kumi imeshapishana.

Jibu: Simu nyingi hazishiki fremu 25 sawasawa, zinapanda na kushuka kadiri mwanga na joto vinavyobadilika. Pitisha faili kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha faili za video, chagua kiwango cha fremu kisichobadilika, 25, ndipo uingize kwenye programu ya kuhariri. Piga makofi mbele ya kamera mwanzo na mwisho wa kila klipu ili uwe na alama mbili. Na usitegemee maiki ya kamera iliyo mbali: sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo mita 14 zinakuchelewesha fremu nzima.

Swali (Kibondo): Sekunde tatu za kimya kwenye runinga si nyingi mno? Watu watabadilisha chaneli.

Jibu: Watabadilisha kama ndani ya kimya hakuna kitu. Hapa kuna injini inayozima na macho ya Asha yanayotoka usoni kwa shemeji kwenda kwenye taa. Ukiona panalegea, punguza fremu tano tano hadi pakaze.

Jibu la mwanachama mwingine, Kigoma mjini: Mimi ningeishia sekunde mbili kwa watazamaji wa simu. Wengi wanatazama wakiwa sehemu zenye kelele na hayo mawimbi hawayasikii. Jaribu mchanganyiko wako wa sauti kwa spika ya simu kabla ya kutoa; kama injini haisikiki hapo, ipandishe desibeli 3 au 4, na kimya kitabeba hata tatu.

Swali (Uvinza): Asha akiongea Kiha, maandishi ya Kiswahili niyaweke vipi yasiharibu mikato?

Jibu: Mistari isizidi miwili, herufi kama 40 kila mmoja. Yasikae chini ya sekunde moja, na yasivuke mkato, kwa sababu picha ikibadilika jicho linarudi kuyasoma upya na linaukosa uso. Yaingie mtu anapoanza kuongea, yasitangulie. "Hii taa ni yake" ikisomwa kabla Asha hajaitazama karabai, onyesho limekufa. Acha pia nafasi chini ya fremu tangu siku ya kupiga. Mikono ya shemeji ikiwa pale pale yatakapokaa maandishi, itabidi uchague kimoja.