Semina ya Karate na Mtihani wa Mkanda: Maandalizi ya Mwanafunzi wa Shotokan

Katika klabu nyingi za Shotokan (mtindo mmoja wa karate ya Kijapani) za Afrika Mashariki mtihani wa mkanda hufanyika mwishoni mwa semina ya siku mbili au tatu, hasa anapokuja mkufunzi mgeni mwenye daraja la juu. Sababu yake ni kwamba si kila sensei (mwalimu) anaruhusiwa kutoa dan, yaani daraja la mkanda mweusi. Mtahini lazima awe na kibali cha chama chake. Kwa hiyo mwanafunzi anayedhani mtihani unaanza Jumapili saa nne asubuhi amechelewa. Mtahini ameshamtazama tangu Ijumaa jioni, na miguu atakayosimamia mbele ya meza ni ile ile aliyoichosha Jumamosi.

Karatasi na pesa

Mwezi mmoja kabla, muulize sensei wako waziwazi kama amekupendekeza, unafanyia daraja gani, na kwa kata ipi, yaani mfululizo uliopangwa wa mbinu unaofanywa peke yako. Usijiandikishe mwenyewe kwa waandaaji bila yeye kujua. Hata kama fomu itapokelewa, mtahini atamuuliza mbele ya watu, na jibu lake ndilo litakaloamua.

Ada ya semina, ada ya mtihani na ada ya kusajili daraja mara nyingi ni malipo matatu tofauti. Ya tatu hulipwa baada ya kufaulu, na kwa dan ndiyo kubwa, kwa sababu cheti hutoka makao makuu ya chama. Kwa JKA, yaani Japan Karate Association, makao hayo yako Tokyo. Wako watu wanaofaulu shodan (dan ya kwanza) kisha wakakaa muda mrefu bila cheti kwa kuwa hawakuitengea fedha hiyo. Ulizia kiasi chake kabla ya kulipa nauli.

Beba kitabu chako cha daraja chenye mihuri yote. Mhuri wa daraja lililopita ukikosekana, unaweza kuzuiliwa hata kama kila mtu ukumbini anakufahamu. Jina kwenye fomu liandike kama lilivyo kwenye pasipoti, kwa herufi kubwa, maana hivyo ndivyo litakavyochapwa. Aliye chini ya miaka 18 awe na barua ya mzazi au mlezi. Hesabu pia muda: kati ya madaraja ya chini ya kyu (ngazi za kabla ya mkanda mweusi) kawaida ni miezi mitatu au zaidi, na kutoka shodan hadi nidan (dan ya pili) angalau miaka miwili.

Gi, mkanda na mwili

Gi (vazi la karate) mpya ya pamba husinyaa. Ifue mara mbili kwa maji baridi kabla ya kuamua kukata mikono au suruali. Mkono wa koti usipite kifundo cha mkono, wala usikunjwe. Upande wa kushoto hulala juu ya wa kulia. Ncha mbili za mkanda ziwe sawa kwa urefu. Wanawake huvaa fulana nyeupe isiyo na maandishi ndani ya koti. Anayevaa hijabu achague ya kitambaa kinachovutika, isiyo na pini hata moja. Pete, hereni, cheni na saa vibaki kwenye begi. Kata kucha za mikono na za miguu, kwa sababu ukucha wa kidole gumba cha mguu ukimchana mwenzako wakati wa mae geri (teke la mbele), damu itasimamisha zoezi kwa wote wawili.

Tia kwenye begi kinga ya meno, kinga ya sehemu za siri, plasta ya michezo ya kujiviringishia, gi ya pili na taulo. Gi ya pili si anasa. Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa koti huloa katika kipindi cha kwanza, na pamba iliyoloa huganda mwilini na kuzuia mkono kwenda.

Wiki sita za mwisho

Kata hupangwa kwa ngazi. Daraja za mwanzo hufanya Heian Shodan (hapa “shodan” ni “ya kwanza” kati ya kata tano za Heian, si daraja la mkanda), kisha Heian Nidan, Sandan, Yondan na Godan, halafu Tekki Shodan kuelekea mkanda wa kahawia. Baada ya hapo ni Bassai Dai na wenzake. Kwa shodan, mtahiniwa huchagua moja kati ya Bassai Dai, Kanku Dai, Jion, Empi na Hangetsu. Mtahini anaweza pia kudai Heian yoyote, na hapo ndipo wengi huanguka: wameshinda miezi wakiisugua Bassai Dai na hawajagusa Heian Yondan tangu walipopata mkanda uliofuata. Basi kila siku ya mazoezi fanya kata yako ya mtihani mara tano, na Heian mbili za zamani mara moja moja.

Ibadilishie kata upande. Leo tazama mlango, kesho dirisha, keshokutwa kona. Mtu aliyezoea kugeuka kuelekea ukuta uleule wa dojo (ukumbi wa mazoezi) yake hupotea akiwekwa katika ukumbi mgeni, na hupotea kwenye mizunguko mikubwa hasa. Katika Heian Shodan sehemu hizo ni mbili, na zote huja mara baada ya kiai (ukelele wa nguvu): baada ya age uke, kinga ya juu, ya tatu (hatua ya 9) na baada ya oi zuki, ngumi ya kusonga mbele, ya tatu (hatua ya 17). Mwili huzunguka nyuzi 270, na asiyeupeleka mguu wa nyuma mbali vya kutosha huishia na msimamo mwembamba na kata inayokwenda mshazari. Mwisho wa kata unapaswa kurudi pale ulipoanzia. Weka alama sakafuni na upime. Ukiikosa kwa zaidi ya nusu hatua, hatua zako za kwenda na za kurudi hazilingani.

Kumite (mazoezi ya kupambana wawili wawili) fanya na watu tofauti, wafupi na warefu, kwa kuwa siku ya mtihani utaitwa kwa namba na kupewa yeyote. Zoezi zito la mwisho liwe siku tatu kabla ya semina. Baada ya hapo fanya kata polepole na kunyoosha viungo tu.

Siku za semina

Fika dakika 45 kabla. Katika mstari, mwenye daraja la juu husimama kulia kabisa mkiwa mmeelekea mbele, na wengine hushuka kuelekea kushoto. Kama hujui nafasi yako, uliza mapema badala ya kusukumana wakati sensei ameshasimama. Utasikia seiza (kaa kwa magoti), mokuso (funga macho utulie), mokuso yame (acha), shomen ni rei (inama kuelekea mbele), sensei ni rei (inama kwa mwalimu). Ukichelewa, piga magoti karibu na mlango na usubiri uitwe.

Jambo gumu katika semina ni kugawa nguvu. Wako wanaopiga kila ngumi kana kwamba ndiyo ya mwisho, na Jumapili mapaja yamekaza kiasi kwamba zenkutsu dachi (msimamo wa mbele) haishuki. Wako pia wanaojihurumia na kusimama wima, na mtahini anawaona. Njia iliyo sahihi ni kuacha msimamo uwe chini na mpana wakati wote, lakini kupunguza kasi na nguvu za mikono katika marudio ya kwanza, na kutoa yote katika mawili ya mwisho. Msimamo wa juu ni kasoro ambayo mtahini huikumbuka. Ngumi isiyo na nguvu katika zoezi la kupasha mwili hakuna anayeihesabu.

Mkufunzi mgeni atakusahihisha vitu ambavyo sensei wako hufundisha kwa namna nyingine. Mbele yake fanya alivyosema, bila kujibu kwamba “sisi tunafanya hivi.” Lakini usiijenge upya kata nzima usiku wa kuamkia mtihani. Chagua sahihisho moja, lile alilolirudia mara nyingi kwa watu wote, kwa sababu ndilo analolitafuta, na hayo mengine yaandike kwenye daftari wakati wa mapumziko. Anayebadilisha mambo matano kwa usiku mmoja husimama kesho yake akifikiri badala ya kutenda.

Maji: kunywa nusu lita saa mbili kabla ya kipindi, kisha mafunda machache kila dakika 15 hadi 20 mkiruhusiwa. Kwa jasho la pwani maji matupu hayatoshi siku nzima. Koroga vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita moja ya maji safi, vijiko vya kusawazisha, visiwe vya mlima. Asubuhi ya mtihani kula saa mbili au tatu kabla: uji, mkate, ndizi mbivu. Maharage na vitu vya kukaangwa viache hadi jioni. Semina ikiangukia Ramadhani, waandaaji waambiwe mapema ili vipindi vizito vipangwe baada ya futari.

Sakafu ya saruji huchuna nyayo, hasa ya mguu unaosimamia wakati wa mawashi geri (teke la mzunguko). Lengelenge likitokea, osha, usilichune ngozi, lifunike kwa plasta iliyozungushwa mguu mzima wa mbele, kwani kipande kidogo huteleza na kubandukia sakafuni katikati ya kata.

Mbele ya meza

Ukiitwa, itika kwa sauti, kimbia hadi kwenye alama, inama. Kutembea kwa uvivu hadi mahali pako kumeshaandikwa kabla hujapiga ngumi.

Kihon (mbinu za msingi) kawaida ni hatua tano mbele, kisha mawatte (geuka), na kurudi. Mtahini hatazami mikono kwanza. Hutazama kisigino cha nyuma kinachoinuka unapopiga, kichwa kinachopanda na kushuka kila hatua, na mkono unaorudi nyongani ukiishia tumboni. Katika zenkutsu dachi uzito ni takriban asilimia 60 mbele na 40 nyuma. Katika kokutsu dachi (msimamo wa nyuma) ni 30 mbele na 70 nyuma. Kosa la kokutsu ni lilelile kila mwaka: makalio yametoka nje na goti la nyuma limeanguka ndani, hivyo shuto uke (kinga ya ukingo wa kiganja) inakuwa ya mkono peke yake. Unapokinga nyonga huwa upande, na kwa gyaku zuki (ngumi ya mkono wa nyuma) hugeuka mbele kabisa. Asiyeonyesha tofauti hiyo hupewa alama ndogo hata akiwa na kasi. Kwa mae geri, inua goti, piga, rudisha mguu, ndipo ukanyage. Anayeangukia mguu wake baada ya teke ameonyesha kwamba halikuwa na mizani.

Kata: taja jina lake kwa sauti inayofika ukutani. Macho yageuke kabla ya mwili. Heian zilipangwa na mwalimu wa karate Anko Itosu kwa ajili ya wanafunzi wa shule Okinawa mwanzoni mwa karne ya 20, na ndani yake misingi yote iko wazi. Mtahini huisoma humo kihon yako kwa mara ya pili. Ukikosea, endelea bila kukunja uso wala kutikisa kichwa. Ukisahau kabisa, simama katika yoi (hali ya kujiandaa) na usubiri. Mara nyingi utaruhusiwa kuanza upya mara moja. Baada ya hatua ya mwisho baki palepale mpaka usikie naore (amri ya kurudi). Kurudi mapema kwa furaha ya kumaliza huondoa alama zilizokuwa zako tayari.

Kumite hubadilika kwa daraja: gohon kumite (mashambulizi matano yaliyopangwa) kwa wa chini, kihon ippon kumite (shambulio moja lililopangwa) kwa wa kati, jiyu ippon kumite (shambulio moja lililotajwa, mkiwa mnasogea huru) kuelekea shodan. Kosa linaloharibu jozi nyingi ni la mshambuliaji anayempenda mwenzake: hutaja jodan (usawa wa uso) kisha ngumi ikaishia hatua moja kabla ya uso, au ikapita pembeni ya sikio. Kinga inayofuata inakuwa haina kazi, na wote wawili wanaonekana hawajui umbali. Shambulia kwa namna ambayo asipokinga ingemfikia, na uisimamishe kabla tu ya ngozi. Anayekinga naye asikimbie kabla shambulio halijaanza, asiegemee nyuma, na asijibu kabla kinga haijakamilika. Macho yakae usoni mwa mwenzako hadi mtakapotengana. Ngumi ikimgusa uso, omba radhi kwa kuinama, msubiri, na mwendelee. Ikirudiwa, mtahini anaweza kukusimamisha.

Baada ya matokeo

Mkanda mpya usiufunge mpaka utakapopewa. Cheti cha dan kinaweza kuchukua miezi kufika kutoka makao makuu, na katika muda huo mhuri kwenye kitabu chako ndio ushahidi.

Ukifeli, usimfuate mtahini kumhoji. Mwombe sensei wako akuulizie sehemu iliyokuangusha kati ya kihon, kata na kumite, na tarehe ya kurudia. Andika jibu hilo siku hiyohiyo, neno kwa neno. Kama uliangushwa na kihon, miezi inayofuata isiwe ya kujifunza kata mpya: kila kipindi kianze kwa hatua tano mbele na tano nyuma mbele ya kioo, au mwenzako akikushikia fimbo usawa wa utosi ili uone kichwa kinapopanda.