Protini ya maziwa kwa anayetaka kupungua: ninavyowapangia watu

Wengi wanaonijia kwa ushauri wa lishe huja tayari na kopo la unga wa protini, na swali lao ni moja: ninywe mara ngapi kwa siku ili nipungue? Kabla ya kujibu, huwauliza wanakula nini tangu wanapoamka hadi wanapolala, kwa sababu jibu limo humo. Protini ya maziwa haiyeyushi mafuta mwilini. Inasaidia pale tu inapochukua nafasi ya kitu ulichokuwa unakula. Ukiendelea na mlo uleule kisha ukaongeza glasi ya protini juu yake, utanenepa, maana gramu moja ya protini ina kalori 4, sawa na gramu moja ya sukari.

Hata hivyo, naipenda protini hii na naitumia karibu kwa kila ninayemhudumia. Kwanza ni shibe. Kwa kalori zilezile, protini hushibisha kuliko wanga na mafuta, kwa kuwa utumbo hutoa homoni zinazouarifu ubongo kwamba chakula kimetosha. Tena mwili hutumia nguvu nyingi kuimeng'enya: asilimia 20 hadi 30 ya kalori zake huishia kwenye kazi hiyo, ilhali kwa wanga ni asilimia 5 hadi 10, na kwa mafuta ni chini ya 3.

Pili ni misuli, na hapa ndipo ninapokuwa mkali. Anayejinyima chakula hupoteza mafuta na misuli kwa pamoja, na mizani haitamwambia kipi kimeondoka. Nimewaona watu waliopungua haraka kwa kushinda na njaa. Nguo zinawapwaya, nao wanafurahi, lakini wakitaka kuinuka kwenye kiti lazima washike meza. Protini ya kutosha pamoja na mazoezi ya nguvu, hata kama ni kuchuchumaa na kuinuka ukiwa nyumbani, huulinda msuli usiliwe. Protini hujengwa kwa vipande vidogo viitwavyo asidi amino, na kimoja kati ya hivyo, lusini, ndicho kinachouamsha mwili ujenge msuli, na protini ya maziwa inacho kwa wingi. Gramu 25 za protini ya wei hukupa lusini ya gramu 2.5 hivi.

Wei ni nini? Tia siki kidogo kwenye maziwa ya vuguvugu uone. Yale mabonge meupe yanayojitenga ni kaseini, ambayo ni kama asilimia 80 ya protini ya maziwa ya ng'ombe. Maji ya kijani-njano yanayobaki ndiyo yenye wei, ile asilimia 20. Tumboni mambo huenda hivyohivyo: asidi huigandisha kaseini, ikameng'enywa polepole kwa saa kadhaa, na wei hupita haraka. Ndiyo maana mtu ambaye shida yake ni vitafunio vya saa nne asubuhi mimi humpangia wei kwenye kifungua kinywa, na yule anayefungua friji usiku wa manane humpa mtindi mzito au jibini laini jioni.

Sasa kiasi. Mtu mzima mwenye afya anahitaji angalau gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Anayepunguza uzito mimi humpangia gramu 1.2 hadi 1.6. Mwenye kilo 80, basi, atalenga kati ya gramu 96 na 128. Kama uzito umezidi sana, piga hesabu kwa uzito unaoulenga, la sivyo utajikuta na kiasi kisicholika. Na kumbuka hiyo ni jumla ya siku nzima, pamoja na mayai, samaki, nyama na kunde zote. Igawe kwenye milo, gramu 25 au 30 kila mlo, badala ya kuirundika yote usiku.

Huenda kopo usilihitaji kabisa. Glasi ya maziwa ya mililita 250 ina protini gramu 8, yawe na mafuta yote au yametolewa. Tofauti ni kwamba yenye mafuta yana kalori 150 hivi na yaliyotolewa yana kama 90. Utapata na kalsiamu miligramu 300 hivi. Mtindi wa kawaida una gramu 4 hivi kwa kila gramu 100. Ukiuchuja, kiasi hicho kinakaribia maradufu, na kuuchuja ni kazi ya dakika chache.

Chukua mtindi usio na sukari. Chemsha kitambaa cha pamba, kikamue, kitandaze kwenye chujio, na chujio likae juu ya bakuli lenye kina ili maji yasirudi kugusa mtindi. Mimina, funika, weka kwenye friji, ulale. Asubuhi utakuta umebaki kama nusu, mzito kiasi kwamba kijiko kinasimama bila kuanguka, na unajibandua kwenye kitambaa wenyewe. Kilichochuruzika ni maji, laktosi (sukari ya maziwa), madini na wei kidogo. Kaseini karibu yote imebaki juu. Maji hayo usiyamwage, kandia unga au tia kwenye supu. Mtindi wenyewe ule na matunda yaliyokatwakatwa pamoja na njugu au mbegu. Nasisitiza matunda na mbegu kwa sababu maziwa hayana nyuzinyuzi hata chembe, na anayegeuza milo yake yote kuwa vinywaji vya protini hatakawia kulalamika choo kigumu.

Ukiamua kununua unga, geuza kopo. Mbele kuna picha za vifua vipana, nyuma kuna ukweli. Tafuta safu ya gramu 100, maana ile ya kipimo kimoja hubadilika kila kampuni ikipenda. Wei ya konsentreti (iliyokolezwa) nzuri hufika protini gramu 75 hadi 80, na aizoleti (iliyosafishwa zaidi) hukaribia 90 na laktosi yake ni kidogo sana. Ukikuta 30 au 40, unga huo umetengenezwa kwa watu wanaotaka kunenepa. Kisha soma viambato, ambavyo huandikwa kuanzia kilicho kingi. Cha kwanza kiwe wei au kaseini. Kikiwa sukari au maltodekstrini (wanga wa kiwandani), rudisha kopo rafuni.

Ukiona pia glaisini au taurini, ambazo ni asidi amino za bei rahisi, zimeongezwa, kuwa macho. Vipimo vya kawaida vya maabara hukadiria protini kwa kupima naitrojeni, hivyo kitu chochote cha bei rahisi chenye naitrojeni nyingi kinaweza kuipandisha namba. Mwanya huohuo ndio uliotumiwa China katika kashfa ya mwaka 2008, melamini, kemikali ya viwandani, ilipotiwa kwenye maziwa. Watoto wachanga wengi waliugua figo na wengine wakafariki. Kwa hiyo pendelea bidhaa iliyopimwa na maabara huru.

Kuchanganya: maji ya baridi kwanza, mililita 250 au 300, kisha unga, kisha tikisa. Ukitanguliza unga, hunata chini ya chupa. Maji ya moto huifanya wei igande vibonge, ingawa lishe yake haipotei. Ukitaka kuitia kwenye uji, epua, uache upoe kidogo, koroga unga na maji baridi hadi uwe rojo laini, ndipo umimine. Na kile kijiko kilichomo ndani ya kopo kipime kwenye mizani ya jikoni angalau mara moja, kwa kuwa kijiko cha kufurika na cha kusawazishwa hutofautiana sana.

Tumbo likijaa gesi baada ya maziwa, huenda ni laktosi. Jaribu aizoleti, jibini gumu au mtindi, ambavyo wengi huvivumilia. Mzio wa protini ya maziwa ni jambo jingine kabisa: ngozi kuvimba vipele, midomo kufura, pumzi kubana. Mwenye mzio huo asiguse wei wala kaseini, na asidanganyike na maziwa ya mbuzi, kwani protini zake zinafanana mno na za ng'ombe.

Mgonjwa wa figo asianze mpango huu bila daktari wake. Mwenye kisukari anaweza kufaidika, kwa sababu wei ikinywewa muda mfupi kabla ya mlo huchelewesha chakula kutoka tumboni na kuchochea insulini, hivyo sukari haipandi ghafla. Lakini kama anachoma insulini au anatumia vidonge vinavyoishusha sukari, azungumze kwanza na wanaomtibu, isije ikashuka kupita kiasi. Anayemeza dawa ya levothairoksini kwa ajili ya tezi ya shingoni (thairoidi) aache saa 4 kati ya dawa na maziwa au unga wake, maana kalsiamu huizuia isifyonzwe. Antibiotiki za tetrasaiklini na siprofloksasini nazo hazimezwi na maziwa. Na anayetumia levodopa kwa ugonjwa wa Parkinson amwombe daktari ampangie saa za protini, kwani hushindana na dawa hiyo kuingia mwilini.